Mbio za baiskeli za milimani mkiwa wawili: kwa wanaoanza mazoezi Moshi na Arusha

Wanaoanza huuliza kwanza baiskeli ya kununua. Swali la kwanza liwe utaendesha na nani. Katika Cape Epic ya Afrika Kusini, iliyoanza 2004 na hufanyika Machi, timu ni watu wawili kwa siku nane: prologi, yaani hatua fupi ya ufunguzi, na hatua saba. Wakiachana zaidi ya dakika mbili kwenye kituo cha ukaguzi, wanaadhibiwa. Saa inasimama anapofika wa pili, kwa hiyo ubingwa wa mlimani wa mtu mmoja hausaidii kitu. Christoph Sauser wa Uswisi ameshinda mbio hizo mara 5 akiwa na wenza watatu tofauti; huo ndio ustadi wa kuuiga.

Pandeni kutoka Himo hadi lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na aliye dhaifu mlimani akae mbele. Mwenye nguvu akitangulia, huongeza kasi kila baada ya kona bila kujijua. Wa nyuma anafukuzia gurudumu, anatoka jasho la bure, na siku ya tatu miguu inagoma. Kipimo ni rahisi: saa ya kwanza, huyo aliye mbele aweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Asipoweza, punguzeni, hata kama timu nyingine zinawapita.

Kwenye tambarare za kuelekea TPC, mashamba ya miwa kusini mwa Moshi, mambo yanageuka. Hapo mwenye nguvu anakata upepo, mwenzake akiwa nusu mita nyuma ya gurudumu lake. Kwenye mteremko, anayejua kusoma njia ndiye atangulie. Wa pili aache nafasi kubwa, maana vumbi la kiangazi linaficha mawe na mifereji.

Sasa miiba. Ukizunguka Monduli au Ngaramtoni, migunga itakufundisha kwa lazima. Tairi zisizo na tyubu ndizo za kutumia, na kwa tairi ya inchi 29 kwa 2.3 weka dawa ya kuziba mililita 100 hadi 120. Joto linaikausha, basi ifungue uikague kila wiki nne. Wengi huijaza mara moja na kusahau, kisha wanalaumu tairi. Mwendeshaji wa kilo 70 aanze na shinikizo la hewa la psi 20 mbele na 22 nyuma, arekebishe kulingana na mawe.

Mwiba ukiingia na hewa haitoki, uache hadi mwisho wa siku. Ukilazimika kuuchomoa, zungusha gurudumu mpaka tundu liwe chini ili dawa ifike hapo. Tundu kubwa linahitaji utambi wa mpira wa kusukumiza ndani yake, na utambi huo uwe umefungwa kwenye fremu, si chini kabisa ya begi. Ukijaza hewa kwa kopo la gesi, valvu iwe juu: gesi hutoka ya baridi kali na huweza kuigandisha dawa. Na kabla ya kuweka tyubu ya dharura, pangusa ndani ya tairi kwa kitambaa, polepole. Ncha za miiba iliyozibwa na dawa bado zimo humo zikisubiri tyubu. Kosa hili ndilo linalozaa pancha tatu mfululizo.

Timu za kulipwa hupanda baiskeli zinazofanana si kwa urembo. Kipande cha alumini kinachoshika dereila (kifaa kinachohamisha cheni kwenye gia), ambacho hupinda au kukatika baiskeli ikianguka, kikilingana kwa wote wawili, mnabeba akiba moja badala ya mbili. Hivyo hivyo kwa kiungio cha cheni na pedi za breki. Vizito abebe mwenye nguvu.

Chakula kisisubiri njaa. Gramu 60 za wanga kwa saa ni mwanzo mzuri. Waliozoesha tumbo hufika 90. Chupa ya nusu lita yenye gramu 40 za sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi na limau inafanya kazi, ukiongeza ndizi mbivu. Jaribu kwenye mazoezi, kamwe si siku ya mbio.

Jioni kuleni ndani ya nusu saa baada ya kufika: wali au viazi na kitu cha protini. Baiskeli ioshwe kwa maji ya taratibu, yasielekezwe kwenye beringi. Pima cheni, ikirefuka kwa asilimia 0.5 ibadilishwe, kwani cheni iliyochakaa hula meno ya gia, na gia ni ghali kuliko cheni. Angalia pedi pia: ikibaki chini ya milimita moja, weka mpya usiku huo huo. Kwenye tope siku moja tu inatosha kuimaliza.