Mfumo Ukikukataa, Usiondoke Mikono Mitupu

Mama yangu aliweka dole gumba kwenye kifaa cha alama za vidole mara saba. Karani akamfuta kidole kwa kitambaa, akajaribu kidole cha shahada, akahamia mkono wa kushoto. Taa nyekundu kila mara. Mama ameshika jembe tangu utotoni, na mistari ya vidole vyake imelika hata kwa macho huioni vizuri. Mwisho karani akasema, kwa upole kabisa, "Mama, mfumo haukutambui." Tukaondoka.

Malipo yake ya uzeeni yakasimama miezi mitatu. Tuliporudi kulalamika, kumbukumbu zilionyesha neno moja tu: hakufika. Alikuwa amefika, nilikuwa naye, lakini hatukuwa na hata kipande cha karatasi cha kuthibitisha.

Tangu siku hiyo siondoki kwenye dirisha la huduma bila ushahidi. Mfumo ukigoma, omba iandikwe: tarehe, saa, kituo, sababu ya kukataliwa, na namba ya kumbukumbu. Ukiwa unajaza fomu kwenye simu, piga picha ya skrini kabla ya kubonyeza "tuma" na baada yake. Kisha uliza njia mbadala ni ipi kwa mtu ambaye vidole vyake havisomeki. Usione haya kuuliza. Ofisi ikikosa jibu, kasoro ni ya ofisi.

Siombi turudi kwenye mafaili yenye vumbi. Huko Estonia raia anaweza kuingia mtandaoni akaona ni ofisi gani iliyofungua taarifa zake na lini, na hilo ningelitaka kwa kila mtu. Ninachokiogopa ni mazoea ya kuamini kompyuta kuliko binadamu aliyesimama mbele yako.

Uingereza iliyaona madhara yake. Kuanzia 1999, mfumo wa hesabu wa posta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi zaidi ya 900 wa matawi ya posta walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Wengi waliambiwa kwamba tatizo hilo ni lao peke yao. Ukweli ulipata nguvu pale watu 555 walipoungana kwenda mahakamani, na mwaka 2019 jaji akakubali kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu. Kwa hiyo ukiambiwa "ni wewe tu", tafuta wenzako. Sisi tuliwapata wazee wengine wanne kwenye foleni ileile, na barua yetu ya pamoja ilijibiwa upesi kuliko zile tatu nilizoandika peke yangu.

Ukidaiwa, omba hesabu yenyewe, uione ilivyopigwa. Australia ilikuwa na mpango wa kuwadai watu waliopokea msaada wa serikali, uliokuja kuitwa Robodebt: mapato ya mwaka mzima yaligawanywa sawasawa kwa kila wiki mbili, kana kwamba kibarua hupata kiasi kilekile mwaka mzima, kisha watu wakatumiwa madeni. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kuwarudishia fedha.

Kwenye uchaguzi ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema kwamba raia lazima aweze kuhakiki hatua za msingi za kura bila utaalamu maalumu, na mashine zilizotumika 2005 hazikukidhi sharti hilo. Nakubaliana nayo kabisa. Kwa hiyo ulizia mapema: kura ya karatasi inabaki? Nani anailinganisha na namba inayosomeka kwenye skrini? Matokeo ya kituo yanabandikwa wapi?

Mama alilipwa malimbikizo yake yote. Mwezi uliopita taa iliwaka nyekundu tena. Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akaweka mezani ile barua yenye mhuri inayoruhusu ahakikiwe kwa picha na shahidi. Karani akaisoma, akavuta kalamu.