Kuhusu kazi unayotaka kuiacha

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema mkuu wako wa kazi alikukaripia mbele ya wenzako, na kwamba usiku huohuo uliandika barua ya kuacha kazi ambayo bado hujaipeleka. Unaniuliza uufuate moyo unaokutaka uondoke, au akili inayokukumbusha mshahara na kodi ya nyumba hapo Dodoma.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Babu yako alipofariki mwaka 1994, niliuza shamba lake la minazi kule Pangani kabla hata ya arobaini. Niliketi na daftari nikapiga hesabu ya palizi, ujira wa wakwezi, nazi zinazoibwa usiku na bei ya mbata, na hesabu ile haikuwa na kosa hata moja. Lisiloandikwa daftarini ni kwamba kila nilipofika shambani nililikuta shati lake la kazi lingali limetundikwa kwenye msumari wa kibanda, nami sikuweza kulitazama wala kulitungua. Nilikuwa ninalikimbia lile shati, huku nikijiaminisha kwamba ninaikimbia hasara. Tangu hapo siamini tena kwamba mtu anayepiga hesabu lazima awe ametulia. Mara nyingi moyo huwa umekwisha kuamua, na akili huitwa baadaye ije iandike sababu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ninakushauri uunyamazishe moyo. Daktari Antonio Damasio, Mreno aliyefanya utafiti wake Iowa nchini Marekani, ameeleza habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ambao walipopimwa akili walionekana timamu lakini hisia zao zilikuwa zimefifia. Mmoja wao alipewa siku mbili achague ipi ya kurudi maabara. Akafungua kitabu chake cha miadi na kuchambua kwa karibu nusu saa, mara shughuli nyingine alizokuwa nazo, mara hali ya hewa, asiweze kuchagua, mpaka daktari alipomwambia aje siku ya pili, naye akakubali papo hapo. Hakuwa na kitu ndani yake cha kumwambia basi, yatosha.

Kwa hiyo hasira yako ina neno la kukuambia, nawe ihoji: imetokana na karipio la siku ile tu, au karipio hilo limegusa donda lililokuwapo tangu zamani? Tumefundishwa kwamba hasira hasara, na ni kweli, ingawa mimi nimeona furaha ikiwatia watu hasara kubwa zaidi, hasa wale wanaolipia kiwanja siku ileile walipooneshwa.

Ama namna ya kuamua, mwaka 1772 Joseph Priestley, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa ameitwa kufanya kazi kwa Lord Shelburne, mwanasiasa wa Uingereza, alimwomba ushauri rafiki yake Mmarekani, Benjamin Franklin. Franklin alimjibu kwamba hawezi kumwambia aamue nini, ila anaweza kumweleza jinsi ya kuamua: aigawe karatasi kwa mstari, aandike upande mmoja hoja za kukubali na upande wa pili za kukataa, aongeze kila hoja inayomjia kwa muda wa siku tatu au nne, kisha azikate zile za pande mbili zenye uzito sawa. Ninachokithamini zaidi hapo ni zile siku, kwa sababu hoja zilizokujia usiku wa karipio sizo zitakazokujia Jumapili ukiwa unafua nguo zako.

Fanya hivyo, lakini mambo ya moyo uyaandike bila kuyapamba. Kama ulidhalilishwa, andika "nilidhalilishwa", usiandike "mazingira ya kazi hayaridhishi", kwa maana hiyo ndiyo lugha niliyoitumia mimi katika daftari la minazi.

Ukimaliza, karatasi yenyewe usinitumie. Nieleze tu ni hoja ipi iliyokuwia vigumu kuikata.

Ni mimi baba yako.