Akina Catherine watatu wa mfalme mmoja

SWALI: Wake watatu wa Henry VIII wa Uingereza waliitwa Catherine. Nitawatofautishaje?

JIBU: Achana na jina la kwanza, shika mwaka wa ndoa. Catherine wa Aragon aliolewa 1509, ndoa ikabatilishwa 1533; ndiye mama wa Malkia Mary I. Catherine Howard, 1540, alikatwa kichwa Februari 1542. Huyu ndiye anayewachanganya wengi, maana binamu yake, Anne Boleyn, naye aliolewa na mfalme huyohuyo na kuuawa vivyo hivyo 1536. Catherine Parr, 1543, alibaki mjane mfalme alipofariki 1547. Ukipekua nyaraka, tafuta pia Katherine na Katharine. Tahajia ya enzi hizo haikuwa na msimamo. Akina Anne nao walikuwa wawili: Boleyn na wa Cleves.