Ukitaka kutibu wanyama wa baharini, usianzie kwenye dawa

Mtoto wa sili-tembo, mnyama mkubwa wa baharini anayenyonyesha, hunyonya kwa takriban mwezi mmoja tu. Maziwa ya mama yake ni mazito kwa mafuta, na mama akishamaliza kunyonyesha hushika njia ya baharini, asimrudie tena. Mtoto hubaki ufukweni na kilo mia na ushei, mviringo kama pipa, akiishi kwa mafuta hayo mpaka ajifunze kuvua mwenyewe. Wa kwanza niliyekabidhiwa nilipokwenda California kujifunza tiba hii alikuwa na kilo 38. Ngozi ilimning'inia kama koti la kuazima, na chini ya macho alikuwa mkavu kabisa. Sili mwenye maji ya kutosha mwilini huwa na duara la unyevu chini ya macho, kama mtu aliyetoka kulia. Huyu hakuwa nalo.

Nilimhurumia. Nikasaga samaki kwa mafuta, nikatengeneza uji mzito, nikaandaa mpira wa kulishia. Mwalimu wangu alikuja, akauangalia ule uji, akauweka kando bila kunikaripia. Akanipa maji ya chumvichumvi, yale ya kurudisha nguvu, akasema leo ni haya tu. Kesho uji mwepesi, keshokutwa mzito kidogo. Mwili uliokaa na njaa wiki nyingi ukishushiwa chakula kingi kwa mara moja, madini kwenye damu huporomoka na mnyama anaweza kufa tumbo likiwa limejaa. Mtu wa pwani hili halihitaji kuelezwa sana: hakuna anayefungua saumu kwa sahani ya pilau. Unaanza na tende na maji. Lakini mimi nilikuwa na shahada ya miaka mitano na uzoefu wa miaka sita wilayani, na usiku ule nilikuwa nakaribia kumuua mgonjwa wangu wa kwanza kwa huruma.

Naandika haya kwa sababu vijana wanaosomea udaktari wa wanyama Morogoro, Kabete na Makerere huniandikia mara kwa mara. "Shikamoo Dokta, nifanyeje nami nikasomee tiba ya wanyama wa baharini?" Wengi huuliza juu ya fomu, ada na viza. Hayo nitayagusa. Ila kwanza nataka mjue mnakwenda kujifunza nini, maana mimi nilikwenda nikitafuta dawa nikakuta kitu kingine.

Dawa zenyewe mnazijua. Antibiotiki ni zilezile tunazompa ng'ombe na mbwa. Kigeni ni mwili. Chini ya ngozi ya sili kuna tabaka nene la mafuta. Sindano fupi inaishia humo na dawa haifiki kwenye msuli. Mshipa wa shingo uliouzoea kwa ng'ombe hauonekani wala haushikiki. Damu ya sili unaitoa mgongoni, kwenye mshipa mkubwa ulio ndani ya uti. Ya simba-bahari, jamaa wa sili, unaitafuta nyuma, karibu na nyonga. Na nusukaputi ndiyo iliyonitoa jasho kuliko yote. Mnyama anayezamia ana kipaji cha kuzuia pumzi na kupunguza mapigo ya moyo. Ukimlaza kwa dawa, mwili wake unaweza kudhani umezama, akaacha kupumua hapohapo mezani. Kwa hiyo mpira wa koo unauandaa kabla, si baada, na mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu pumzi tu. Niliifanya kazi hiyo kwa majuma mengi kabla sijaruhusiwa kushika kisu, na leo namwambia kila mwanafunzi: ukipewa kuhesabu pumzi, ihesabu kwa moyo wote. Umekabidhiwa uhai wa mgonjwa.

Msiudharau mtaji mnaokwenda nao. Siku moja aliletwa simba-bahari jike mkubwa, anatikisa kichwa kushoto na kulia, anang'ata hewa, mate yanamtoka. Nilirudi nyuma hatua tatu. Kwa daktari aliyetoka kwetu, mnyama wa namna hiyo ana jina moja: kichaa cha mbwa. Haikuwa hivyo. Ilikuwa sumu ya asidi ya domoiki, inayotengenezwa na vijimea vidogo vya baharini vya jamii ya Pseudo-nitzschia. Dagaa hula vijimea, simba-bahari hula dagaa, sumu inapanda kichwani. Mwaka 1998 zaidi ya simba-bahari 400 walikufa kwenye pwani ya kati ya California, na hapo ndipo wataalamu, wakiwemo wa The Marine Mammal Center, hospitali ya wanyama wa baharini ya Sausalito, walipoitambua sumu hiyo kwa mara ya kwanza ndani ya wanyama hao. Tiba ni kutuliza degedege, kumpa maji chini ya ngozi ili figo ziitoe sumu kwa mkojo, na kusubiri. Wapo wanaopona kwa macho, kumbe ubongo umebaki na kovu mahali panapotunza kumbukumbu na njia. Ukimrudisha baharini anapotea, anakwama tena ufuo mwingine. Kumwambia mtu aliyekesha akimlisha mnyama huyo kwamba uamuzi wa heri ni kumlaza moja kwa moja, yaani kumuua bila maumivu, hilo nalo ni somo, na hakuna kitabu kilichonipunguzia uzito wake.

Lakini upande wa pili: wiki chache baadaye aliletwa mwingine, amejikunja, mapezi ameyabana tumboni, na kila mpira wa maji ulipofunguliwa alijikokota kwenda kunywa. Simba-bahari kwa kawaida hutosheka na maji yaliyomo ndani ya samaki. Wenzangu wanagenzi walikuwa bado wanajadiliana. Mimi nilisema figo, nikasema leptospira. Nimewaona ng'ombe wa namna hiyo. Ni bakteria wa jamii ileile walioleta kwa binadamu ugonjwa ulioitwa homa ya mgunda kule Lindi mwaka 2022. Vipimo vya damu vilikubali. Mwalimu wangu akaniuliza nimejuaje, na nikamweleza habari za zizi, panya na mkojo, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijiona sikuja mikono mitupu. Vaeni glavu na viatu vya mpira mnapomhudumia mgonjwa huyo, maana na nyinyi ni binadamu.

Sasa nifike kwenye chumba ambacho vijana wengi hukikwepa: chumba cha kupasulia mizoga.

Pale nilipofundishwa, kila mgonjwa aliyekufa alifunguliwa. Sili wa kilo 30 aliyekufa alfajiri na simba-bahari wa kilo mia mbili aliyekufa saa kumi jioni, wote. Mwanzoni niliona ni kazi ya adhabu baada ya zamu. Baadaye nikaanza kuwahi mwenyewe. Kwenye meza ile ndipo miaka mingi ya subira ilipoonyesha kwamba simba-bahari wakubwa wa California wana saratani ya njia ya uzazi na mkojo kwa kiwango cha kutisha, karibu mmoja kati ya watano wa wale wakubwa waliofunguliwa. Ikafuatiliwa, ikaonekana virusi vya jamii ya herpes vimo, na mabaki ya kemikali za sumu za DDT na PCB yaliyolala kwenye mafuta ya mwili yamo. Hakuna aliyeligundua hilo kwa kumtazama mnyama aliye hai.

Ninasisitiza hili kwa ajili ya pwani yetu. Sisi hatuna makundi ya sili. Tunao pomboo, nyangumi wanaopita na watoto wao miezi ya kipupwe, na nguva wachache waliobaki, hasa Rufiji, Mafia na Kilwa. Wengi utakaoitiwa watakuwa wamekwisha kufa. Aprili 2006 mamia ya pomboo walikutwa wamekufa Nungwi, Unguja, na maswali yakawa mengi kuliko majibu. Siku kama ile ikirudi, tutahitaji watu wanaojua kupanga mizoga kwa uchakavu wake, kuanzia aliyekufa sasa hivi mpaka aliyebaki ngozi na mifupa, na kujua ni yupi wa kuanza naye. Watu wanaojua kukata vipande visivyozidi unene wa sentimita moja na kuvitia kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuzuia nyama isioze, sehemu moja ya nyama kwa sehemu kumi za formalini. Watu wanaojua kufungua sikio la ndani la pomboo bila kulivunja.

Niliporudi nyumbani, kesi yangu ya kwanza ilikuwa nguva. Nahodha mmoja wa Kilwa alinipigia simu alfajiri. "Daktari, mwanangu, huyu ameingia kwenye jarife letu. Tumemkuta kishakata roho. Tumfanye nini?" Nilimwambia, "Mzee wangu, nakuomba msimkate, mwekeni kivulini, mfunikeni kwa turubai lililoloweshwa, nakuja." Walimlinda saa saba. Nilichukua sampuli zote. Kisha ofisi niliyotarajia itazihifadhi ikanijibu haina nafasi kwenye friza, na sampuli zilizohitaji baridi zikaharibika. Nililia, sitaficha. Zilizobaki ni zile za formalini, kwa sababu hazihitaji umeme. Tangu siku hiyo, kabla sijatoka kwenda dikoni, kwenye kituo cha wavuvi, huwa nimeshauliza friza ni ya nani na ufunguo uko kwa nani.

Na kama umeitwa kwa pomboo aliye hai, fika haraka kwa simu kabla hujafika kwa miguu. Waambie wasimvute kwa mkia. Mkia wake unateguka na uti wake unaumia. Wamlaze kwa tumbo, wachimbe vishimo chini ya mapezi, wamloweshe kwa shuka, lakini tundu la pumzi lililo juu ya kichwa lisimwagiwe maji wala kufunikwa. Watoto na kelele wakae mbali. Wavuvi hufuata maelezo vizuri sana wakiambiwa kwa heshima. Nimeona vijana wa diko wakishikana zamu ya kivuli kwa saa tatu bila kulipwa chochote.

Kuhusu safari yenyewe. Maliza kwanza shahada ya udaktari wa wanyama, kisha fanya kazi ya kawaida miaka miwili mitatu. Anayejua kumtoa ndama aliyekwama usiku kwa tochi hufundishika upesi. Nenda Watamu, Kenya, ukaone kazi ya Local Ocean Conservation. Wao hutibu kasa, na kasa si mamalia, ila mambo ya maji, nyavu, daftari za wagonjwa na siku ya kumwachia ni yaleyale. Kuna AquaVet ya Marekani, kozi iliyoanza 1977, inayokupa msingi wa tiba ya viumbe wa majini. Na The Marine Mammal Center ina programu ya kupokea madaktari kutoka nchi nyingine wakafanye kazi pamoja nao. Anza mawasiliano mwaka mzima kabla. Kwenye barua yako usiandike kwamba unawapenda pomboo, wote wanawapenda. Andika ni wanyama gani wa pwani yako hawana daktari, na ukirudi utafanyia kazi wapi, na nani.

Halafu andaa sanduku. Langu lina visu viwili na jiwe la kunolea, glavu, chupa za formalini zilizofungwa kwa gundi, mifuko, penseli ya kuandikia lebo kwa sababu wino hufutika, futi ya kupimia, shuka tatu za pamba, na daftari lenye namba za simu za manahodha wa Kilwa, Mafia na Rufiji. Liko nyuma ya kiti cha dereva, na kila mwisho wa mwezi nazipigia namba zile, nawajulia hali, nawauliza bahari imelalaje.