Steringi unamjua kabla hajaanza kuimba

Mbukwenyi wasomaji wangu. Wiki hizi meseji zimemiminika mpaka simu inaganda, na nyingi zinauliza kitu kilekile, michezo ya kuigiza yenye nyimbo, sijui upepo gani umepita maana hapa Dodoma kila kwaya na kila kikundi cha vijana sasa hivi kinataka kupandisha mchezo wa saa mbili. Mi sina neno, nafurahi. Nimechukua barua nne, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, mnisamehe, hiyo mada inanigusa.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa kikundi cha vijana huku Nkuhungu. Mwezi wa nane tunapandisha mchezo wa nyimbo, hadithi ya binti anayetoka Bahi kuja mjini kufanya kazi za ndani. Nafasi ya steringi wamebaki mabinti wawili. Wa kwanza ana sauti jamani, akipandisha noti mpaka mabati yanaitikia, ila akimaliza anabaki kasimama kama mlingoti. Wa pili sauti ya kawaida tu, juu hafiki, lakini akitokea kila mtu anamwangalia yeye hata kama anayeongea ni mwingine. Kamati imegawanyika, na mzee mmoja katoa wazo wa pili aigize, wa kwanza akae nyuma ya pazia na maiki amwimbie. Tumecheka lakini yeye hatanii. Tufanyeje? Na hivi steringi mkali wa mchezo wa nyimbo ni yupi hasa? – Mwalimu, Nkuhungu*

Marahaba mwalimu. Tuanze na huyo mzee, maana mnamcheka bure. Kwenye filamu wazo lake limefanyika na likalipa. Ile My Fair Lady ya mwaka 1964, unayemwona ni Audrey Hepburn lakini akianza kuimba sehemu kubwa ya sauti ni ya Marni Nixon, na huyo mama alishawaimbia waigizaji wengine kabla yake, watu wakakata tiketi wakafurahi. Ila kamera inakuchagulia cha kuangalia. Ukumbini hamna wa kukuchagulia, mtu kakaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa tatu anaona kila kitu, anaona sauti imepaa juu huku kifua cha binti kimetulia tuli kama cha mtu aliyelala, mishipa ya shingo haijashtuka, na hapohapo anajua anadanganywa hata kama hawezi kukwambia amejuaje.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma, ukumbi mmoja hapahapa mjini, kikundi sikitaji, nyimbo zote walikuwa wameziweka kwenye flashi na waigizaji wanafungua midomo tu. Ikafika sehemu ya msiba, mama kafa, kijana steringi anaanza wimbo mkubwa kuliko zote, flashi ikakwama. Ikawa inarudia neno moja, mama-mama-mama-mama, kijana kaacha mdomo wazi, watoto wa mbele wakaanza kucheka, msiba ukawa komedi. Fundi mitambo akazima. Kimya. Sasa pembeni kulikuwa na binti anaigiza dada mtu, hana hata mstari mmoja sehemu ile, kazi yake ni kukunja kanga za marehemu na kuziweka kwenye sanduku. Akaendelea kukunja. Akaikunja moja vibaya, pindo likatokeza nje, akaikunjua akaanza upya, na akiwa katikati ya kuikunja ule wimbo ukamtoka, chinichini, sio kwa do ya flashi bali kwa do yake mwenyewe, na sauti ilikuwa na mikwaruzo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Hakumwangalia mtu. Wale watoto wakanyamaza mmoja mmoja. Leo maneno ya ule wimbo siyakumbuki hata moja zaidi ya hilo mama, lakini kanga naikumbuka, ilikuwa kisutu.

Jibu lako liko hapo mwalimu. Mchezo wa nyimbo una uongo mmoja mkubwa ambao mtazamaji anakubali kuumeza akishalipa kiingilio, kwamba mtu yuko anaongea vizuri tu na mara anaimba. Nani anafanya hivyo soko la Majengo? Anakataliwa bei ya nyanya anaanza kuimba? Kwa hiyo kazi ya steringi ni kunifanya niamini kwamba hapa maneno yamemwishia, akiendelea kuongea atapasuka, njia iliyobaki ni kuimba. Na hiyo kazi inafanyika kabla ya noti ya kwanza, kwenye zile sekunde tano au kumi anazomsikiliza mwenzake. Ukiona steringi anasubiri zamu yake tu, macho yako kwa mpiga kinanda anavizia pa kuingilia, basi hata awe na sauti ya namna gani atanipa wimbo mzuri, nitapiga makofi, na nikifika nyumbani nitakuwa nawaza mboga ya kesho.

Utaniuliza sauti si kitu basi? Ni kitu, lakini angalia. Huohuo mchezo wa My Fair Lady ulipoanza jukwaani New York mwaka 1956 aliyecheza profesa ni Rex Harrison, na kuimba kwenyewe alikuwa hawezi kivile, nyimbo zake sehemu kubwa aliziongea, anayapandisha maneno juu ya mapigo kama mtu anayebishana na bendi, na tuzo ya Tony, ile kubwa ya michezo ya jukwaani kule Marekani, akaichukua kama steringi bora wa kiume. Upande wa pili yupo Jennifer Holliday, mwaka 1981, ana miaka 21, kwenye mchezo wa Dreamgirls pale Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, anafunga nusu ya kwanza ya mchezo kwa wimbo wa mwanamke anayeachwa na bwana na wakati huohuo katolewa kwenye kundi la uimbaji, nafasi kapewa mwingine. Sauti yake ni mafuriko. Lakini sikiliza anachofanya nayo, anambembeleza mtu mmoja asiondoke, anamtishia, anarudi kubembeleza, na huyo mtu moyoni ashaondoka zamani. Mwondoe huyo mwanaume kwenye picha uone kama hazibaki kelele za ufundi tu. Mwaka 1982 naye Tony akapewa. Wawili hawa kwa koo hawafanani hata kidogo, ila kila mmoja alijua anamwambia nani na anataka nini kwake.

Sasa fanya hivi. Waite wote wawili, wasiimbe. Wape yale maongezi ya mwisho kabla ya wimbo, nadhani kwenu itakuwa pale mama mwenye nyumba anamfukuza binti, na wewe usimwangalie anayefukuza, mwangalie anayefukuzwa akiwa kimya. Je, kuna neno limemfika? Au ameganda anangoja kinanda? Halafu waseme mashairi ya wimbo kama maneno ya kawaida, bila tuni, kwa huyohuyo mama mwenye nyumba. Huyo mlingoti wako anaweza kukushangaza hapo, wengi wanaosimama kama milingoti ni kwa sababu toka wadogo wamefundishwa kwaya ya kuangalia mkono wa mwalimu, hakuna aliyewahi kuwauliza unamwimbia nani.

Lakini kwa maelezo uliyonipa, na usinisukume sana, mimi namchukua wa pili. Kumfanya mtu aangaliwe ni kazi ngumu kuliko kushusha wimbo. Ushushe, kama kwenye karatasi umeandika do ni G weka E, hiyo noti ya juu kabisa ifute, hamna mtazamaji atakayeidai. Wa kwanza mpe shangazi mtu au yeyote mwenye wimbo mmoja mzito katikati, mabati yaitikie mara moja tu kwa usiku, yatasikika zaidi. Na ajifunze nafasi ya steringi yote kama akiba, wenzetu wa Broadway wanacheza mara nane kwa wiki na akiba lazima wawepo, watu wanaugua.

Huyo mzee mwambieni filamu mkitoa tutamwita.

*Shikamoo anti, mi ni kijana wa Kondoa. Sarafina nimeiangalia mara nyingi mno toka utotoni, juzi nikasikia kumbe ilikuwa mchezo wa jukwaani kwanza. Steringi alikuwa yuleyule? Na kuna tofauti gani kucheza jukwaani na kwenye filamu kama nyimbo ni zilezile?*

Marahaba. Ndiyo, yuleyule Leleti Khumalo. Mchezo ni wa Mbongeni Ngema, kwenye muziki alishirikiana na Hugh Masekela, ukaanza Market Theatre pale Johannesburg mwaka 1987, mwaka 1988 ukaingia Broadway na Leleti akapendekezwa kwa tuzo ya Tony akiwa binti mdogo tu. Filamu ya Whoopi Goldberg ndo ikaja 1992.

Tofauti kubwa ni akiba ya nguvu. Kwenye filamu ukiharibu mnarudia, ukichoka mnapumzika, kesho mnaanzia hapo. Jukwaani unaanza mwanzo unaishia mwisho, kesho tena, na ile hadithi unaijua ilivyo, wanafunzi wa Soweto, risasi, jela, halafu unatakiwa uishie kwenye shangwe, binti anaigiza kuwa Mandela anahutubia watu wakati Mandela mwenyewe mwaka ule bado yuko kifungoni. Ukimwaga yote kwenye wimbo wa pili pale mwisho utasimama na nini? Hapo ndo vijana wetu wengi wanakwama, wimbo wa kwanza tu mtu keshatoa macho, keshapiga magoti, shati limelowa, na bado saa moja na nusu. Steringi mzuri anajibana mwanzoni mpaka unamwonea mashaka.

Halafu kitu kingine, Sarafina ni darasa zima. Steringi wa mchezo wa namna ile hawezi kujitenga, anacheza katikati ya wenzake na inabidi akubali kuna nyimbo yeye ni mmoja wa wanaoitikia.

*Binti yangu, nakusoma kila toleo. Mnasumbuka na ya New York wakati sisi Wagogo haya tunayo toka enzi. Njoo Chamwino uone kina mama wanavyopiga muheme. Hizo Broadway zenu ni ngoma iliyovaa suti. – Mzee wa Chamwino*

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya suti nimecheka peke yangu ofisini.

Nakubali nusu. Kina mama wa muheme wakibana ngoma katikati ya mapaja, anayeongoza anatupa neno, wengine wanaitikia, mwili na sauti na ngoma vinakwenda pamoja, hilo ndilo wenzetu wanalisomea miaka. Na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu, na zeze yake na ilimba, ile ala ya kupiga kwa vidole gumba, yule mzee alikuwa anashuka kwenye sauti nzito ya chini halafu anaruka juu kabisa ndani ya wimbo mmoja unadhani wako watu watatu. Hata ngonjera, mtu mnabishana jukwaani kwa mashairi, nani aliitangaza kama si Mathias Mnyampala, naye wa hapahapa Dodoma.

Nusu nyingine nabisha kwa heshima. Mama wa muheme akiimba ni yeye mwenyewe, fulani, mama fulani, kijiji chote kinamjua na kinamshangilia yeye. Steringi wa mchezo inabidi ajifiche. Anavaa mtu mwingine, anaanza akiwa hivi anamaliza akiwa vile, na nyimbo ndo ngazi anazopandia. Wimbo wa kwanza na wa mwisho vikiwa vya mtu yuleyule asiyebadilika hapo umeona tamasha, na tamasha si vibaya, ila ni kitu kingine.

Halafu mzee, Broadway wenyewe walishakuja kuchukua huku. The Lion King ya jukwaani, 1997, majina Simba na Rafiki ni Kiswahili chetu, na anayeufungua mchezo kwa ule wito ni Rafiki, wito wenyewe ni Kizulu, na mwimbaji wao wa kwanza alikuwa Tsidii Le Loka wa kusini mwa Afrika. Mwongozaji Julie Taymor alimgeuza Rafiki kuwa mwanamke. Mtu mmoja anasimama peke yake, anaita, na ukumbi mzima unageuka. Ukimsikia utasema huyu kakulia Chamwino. Nikija nakuja na kilo ya sukari.

*Shikamoo mama. Nipo chuo hapa Dodoma, nimepewa usteringi kwenye mchezo wetu na sauti inakauka. Rafiki zangu wananiambia nimeze mayai mabichi mawili kila asubuhi. Ni kweli yanasaidia?*

Marahaba mwanangu. Hapana. Yai linapita njia ya chakula, sauti inatengenezwa njia ya hewa, yai likigusa huko ujue umepaliwa. Kayakaange hayo. Kunywa maji kutwa nzima, sio glasi moja nyuma ya pazia, lala, na acha kupiga kelele kwenye mpira wiki ya mchezo. Kama koo limekauka sana jifukize na mvuke wa maji ya moto tu, usiweke madawa. Na sauti ikikauka zaidi ya wiki mbili nenda hospitali wakuangalie koo. Hii miezi ya upepo vumbi letu unalijua, ukipanda boda kwenda mazoezini funga leso puani, na ukifika usianze na wimbo mkubwa.