Maswali ya Wasomaji: Safari ya Joto na Unyevu

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi na mume wangu tunatarajia kusafiri kwa wiki mbili, katikati ya majira ya joto, kwenda mahali ambapo tumeambiwa joto hufika nyuzi 33 na hewa ina unyevu mwingi. Sisi tumezoea joto kavu la nyuzi 38, kwa hiyo mwenzangu anasema hakuna la kututisha, na tayari ameshafungasha suruali tatu za jinzi pamoja na fulana nene za pamba. Mimi roho haijatulia. Je, nina sababu?

JIBU: Dada yangu, sababu unayo, na ninamwomba shemeji aisome mwenyewe aya hii kabla hajafunga zipu ya sanduku. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini kinachopoza hasa ni kukauka kwa jasho hilo, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Katika hewa kavu jasho hukauka kabla hata hamjaliona, ndiyo maana nyuzi 38 za kwenu mnazistahimili. Hewa inapokuwa tayari imejaa mvuke, jasho hubaki juu ya ngozi, hutiririka mgongoni na kuloanisha nguo, huku mwili ukiendelea kutoa jingine bila kupata nafuu. Nyuzi 33 za namna hiyo zinaweza kuwachosha kuliko 38 mlizozoea. Basi kila kitu mnachotaka kukitia sandukuni kiulizeni swali moja: kikilowa, kitakauka lini?

Jinzi haina jibu zuri kwa swali hilo. Niliwahi kufua suruali ya aina hiyo nikiwa ugenini katika hali ya hewa kama hiyo, nikaianika Jumatatu jioni, na Alhamisi asubuhi kiuno na mifuko vilikuwa bado vibichi na vimeanza kutoa uvundo. Nikaifunga katika mfuko wa plastiki kwa sababu muda wa kuondoka ulikuwa umefika, na nilipoufungua nyumbani nilikuta madoa meusi ya ukungu ambayo hayajatoka hadi leo.

Pamba yenyewe si mbaya, mradi iwe nyembamba na nguo iwe pana kiasi cha kupitisha hewa kati yake na ngozi. Katika hewa ya kawaida pamba hushika unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifikii hata asilimia 1. Hiyo ya pili hukauka upesi sana, lakini hung'ang'ania harufu ya jasho, na fulana yake ikishavaliwa siku moja inataka kufuliwa usiku huohuo. Mimi huchagua kitani, ambacho hunyonya jasho, hukauka haraka na hakigandi mwilini, ingawa hukunjamana vibaya na asiyependa mikunjo atateseka. Kwa wiki mbili, mashati manne au matano mepesi na suruali mbili pana vinamtosha mtu mmoja ikiwa atafua kila baada ya siku mbili. Nguo za ndani ndizo za kuzidisha, kwa kuwa hizo hubadilishwa hata mara mbili kwa siku.

Jifunzeni pia kukausha. Shati likishasuuzwa, litandazeni juu ya taulo kavu, mviringishe vyote pamoja kama mkeka, kisha mkanyage kwa miguu mitupu kuanzia upande mmoja hadi mwingine; taulo hunyonya maji ambayo mikono haiwezi kuyakamua. Baada ya hapo lianikwe mbele ya feni, wala si bafuni, ambako hewa imelowa kuliko chumbani.

Chukueni jozi mbili za viatu vya kutembelea ili kila jozi ipumzike siku nzima kabla ya kuvaliwa tena, pamoja na ndara za kuogea, kwa sababu fangasi wa vidoleni hupenda mguu usiokauka. Kwa mapaja yanayosuguana, mafuta ya mgando yakipakwa asubuhi huzuia michubuko. Losheni ya kukinga jua itangulie na dawa ya mbu ifuate juu yake, na kwa kuwa jasho huiosha losheni, irudiwe kila baada ya saa mbili. Sweta moja nyepesi isikosekane, maana mabasi na ofisi zenye kiyoyozi huweza kumtetemesha aliyeingia na shati bichi. Mwisho, mwili huchukua kati ya wiki moja na mbili kuzoea joto jipya, kwa hiyo matembezi marefu ya mchana msiyapange katika siku za mwanzo.

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 68, anatumia insulini na vidonge vya kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu. Tunasafiri naye kwenda mahali pa aina hiyo. Dawa zake tuzibebeje?

JIBU: Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, katika maboksi yake, pamoja na barua ya daktari. Insulini haitakiwi kuganda, na sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuwa na baridi kali. Ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Inayotumika, kwa aina nyingi, hustahimili joto la chumbani lisilozidi nyuzi 25 au 30 kwa wiki nne hivi, lakini kikomo cha aina yake kisomeni kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Ile mifuko ya kupozea inayolowekwa majini msiitegemee sana huko, kwa kuwa hupoza kwa njia ileile ya jasho, na pasipo maji kukauka nayo haipozi. Chukueni chombo chenye kuta nene na vibarafu vilivyofungwa kitambaa, visiguse dawa moja kwa moja.

Kuhusu vidonge vya kukojoza, mama amwone daktari wake kabla ya safari, kwa sababu vikiungana na jasho jingi vinaweza kumpungukisha maji na chumvi mwilini. Asiviache wala kuvipunguza kwa uamuzi wake. Akianza kuchanganyikiwa huku mwili ukiwa wa moto, hata kama bado anatoka jasho, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na muite msaada wa dharura papo hapo.

SWALI: Kila nikitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi ya kamera yangu huingia ukungu. Je, imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Ni mvuke wa nje unaogeuka matone juu ya kioo baridi, kama ilivyo kwa gilasi ya maji ya barafu. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado chumbani, utoke nayo, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la nje, jambo ambalo huchukua nusu saa au zaidi. Lenzi usiibadilishe katika muda huo.