Muulize Fundi: Jiko lina kiuno, umeshajiuliza ni cha nini?

Mwezi huu nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu najua wengi wenu mko palepale alipo huyu kijana.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni kijana wa miaka 24 niko Umoja hapa Nairobi, natengeneza posta, kadi za harusi na logo za maduka ya hapa mtaani. Shida yangu ni mawazo yameisha. Kila asubuhi naingia Pinterest, ule mtandao wa picha, natafuta kitu, napata vitu vizuri sana, nafanya, alafu nikimaliza naona kazi yangu inafanana na ya kila mtu. Juzi mteja wangu wa kinyozi akaniambia logo niliyomfanyia ameiona kwa saluni ingine Donholm, na mimi sikuiba naapa, ni vile tu wote tunachota kisima kimoja. Marafiki wananiambia nianze kwenda galari za sanaa lakini hizo ziko upande ule mwingine wa mji na nauli ndio hiyo. Nifanyeje?
Msanii wa Umoja

JIBU: Mdogo wangu, hiyo ya kisima kimoja umeisema vizuri kuliko venye ningeisema mimi. Simu inakuonyesha kitu kikiwa kimeshamalizika, kimesafishwa, kimepigwa picha mahali penye mwanga mzuri, na ile shida iliyokizaa haionekani kabisa. Kwa hivyo unachukua umbo unaacha shida, unalileta kwa kinyozi wa Umoja, na umbo lenyewe halijui linafanya nini pale.

Leo jioni kama kwenu mnapikia makaa, kaa chini uliangalie jiko kabla halijawashwa. Juu pana, chini pana, katikati limebanwa, lina kiuno. Cha nini? Zamani jiko lilikuwa bati tupu, na moto ulikuwa unatorokea ubavuni, mtoto akipita karibu anachomeka na makaa yanaisha maharagwe hayajaiva. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu waliokuwa wanashughulikia nishati hapa Kenya wakaangalia jiko la ndoo la Thailand, ndoo ya bati yenye udongo wa kuchomwa ndani, wakaona udongo unashika joto halipotei. Lakini hawakulileta vile lilivyo. Liliingia mikononi mwa mafundi wa jua kali na wafinyanzi, likakatwa na kujengwa upya mara nyingi mpaka likapata hicho kiuno: udongo unakaa nusu ya juu peke yake, umekalia pale palipobanwa hauporomoki, jiko linakuwa jepesi, bei inashuka mama wa kawaida anaweza kununua, na chini limepanuliwa ndio ukisonga ugali lisikupindukie. Makaa yanapungua kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na lile la bati tupu. Sidhani kuna sehemu ya umbo lile iliyowekwa kwa sababu ya urembo, na bado ni zuri, mimi nikipita Shauri Moyo nikiyakuta yamepangwa safu kwa safu hayajapakwa rangi huwa nasimama.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka uanze kuifanya. Usikiulize kitu kama ni kizuri, kiulize kwa nini kiko hivyo. Ukipata jibu umepata wazo unaloweza kulibeba, na hilo halitafanana na la Donholm juu shida ya mteja wako si shida ya Donholm.

Nikwambie jambo lililonifundisha hivyo. Mwaka wangu wa pili kwa hii kazi nilitengenezea butchery moja bango, nikatumia herufi nyembamba za kisasa, rangi ya kijivu kwa nyeupe, nafasi kubwa kubwa, kwa kompyuta lilikuwa safi sana. Mwenyewe alilipa nusu akasema ingine baadaye. Baada ya wiki mbili napita pale nakuta bango langu limetolewa na ukuta umechorwa kwa brashi, kichwa cha ng'ombe na herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Niliumia sana. Nikamtafuta mzee aliyechora, nilitaka tu kumuona, nikamkuta anaosha brashi zake na mafuta ya taa, na akanieleza bila kunifokea. Mtu wa kwanza kusoma bango, akasema, yuko ndani ya matatu inayokwenda, ana muda wa kuvuta pumzi moja. Kile kivuli cheusi ni cha vumbi, ukuta ukichafuka herufi inabaki imejitenga. Na ng'ombe amechorwa kwa sababu kuna mtoto ametumwa nyama nusu kilo na bado hajui kusoma. Nilikuwa nimezipita kuta kama hizo maisha yangu yote, sikuwahi kujua kila kitu pale kina sababu yake.

Sasa wewe uko Umoja, laini ya nganya, matatu zilizopambwa, kali kuliko zote labda ukiacha Rongai, na unaniambia galari ni mbali! Simama steji asubuhi moja usipande ya kwanza. Angalia jina la gari limewekwa wapi na linasomeka ukiwa umbali gani, angalia mchoro wa uso wa mtu umepitishwaje juu ya mlango ambao utafunguliwa na kufungwa mara mia kwa siku. Alafu angalia ule mstari wa njano. Sheria za waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi Februari 2004, kila matatu ililazimika kuwa na mshipi, kidhibiti mwendo na mstari wa njano ubavuni, na michoro ikafutwa, magari yote yakabaki kama sare ya shule. Grafiti ilirudi polepole miaka iliyofuata lakini mstari ukabaki, na wachoraji wakajifunza kuishi nao, mwingine anauzamisha ndani ya mchoro mpaka unadhani ni wake. Ukiwa na mteja amesisitiza lazima picha ya marehemu baba yake iwe kwa logo ya hardware, kumbuka ule mstari.

Kitu kingine kiko kwenu nyumbani na nina hakika hujawahi kukiona kama posta: leso ya mama, yaani kanga. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, yaani mchoro mkuu, na chini ya mji kuna jina, sentensi moja tu ndani ya kisanduku chake. Hakuna sentensi ya pili. Watu wamekuwa wakiongea kwa kitambaa hicho vizazi na vizazi, mke mwenza anajibiwa, jirani anaambiwa aache umbea, mama mkwe anashukuriwa, na yote hayo kwa maneno ambayo huwa hayazidi mstari mmoja. Nimeona posta zako ulizonitumia, ile ya krusedi ina aina tano za herufi na namba za simu tatu. Ichore upya ukijilazimisha uwe na pindo moja, mji mmoja na jina moja.

Na ukitaka galari, iko pale pale unaposhukia mjini. Jengo la Nyaraka za Kitaifa, lile la zamani mwanzoni mwa barabara ya Tom Mboya, watu hukutana nje yake kila siku wakingojana na hawaingii. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, mtu aliyependa sanaa ya Afrika kuliko siasa naona mimi. Kuna viti, vyungu, vitambaa, mapambo ya shingo, ngao. Vingi havikutengenezwa viwe sanaa, vilikuwa vya kukalia na kupikia na kuvaa. Kiingilio ni kidogo. Beba kalamu na daftari, usibebe haraka, chora kitu kimoja tu na uandike kando yake unadhani kiko hivyo kwa nini, hata ukikosea. Fanya hivyo mwezi mzima, kitu kimoja kwa siku, mtungi, mkokoteni, sanduku la bati la shule, chochote. Pinterest usiifute, ila iache iwe ya jioni.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mama wa cherehani Kawangware, nimeshona yunifomu miaka kumi na moja. Sasa nataka nianze kushona mifuko yangu mwenyewe na vipande vinavyobaki, lakini kila nikianza najikuta nimeiga mfuko wa mtumba niliouona Gikomba. Nitajuaje hii ni kuiga na hii ni kujifunza?
Mama wa Cherehani

JIBU: Marahaba mama, na pole na hongera, miaka kumi na moja ya yunifomu ni shule kubwa. Lile jiko nililomwambia kijana hapo juu lilianza na la Thailand, kwa hivyo kuangalia cha mwenzako si dhambi. Chukua ule mfuko wa mtumba uufumue wote mshono kwa mshono mpaka ujue kwa nini wameuimarisha pale na si pale, alafu uuweke kando na usiuangalie tena.

Baada ya hapo angalia watu. Mama akiwa kwa matatu simu anaificha wapi? Kifuani. Noti ya mia mbili? Amefunga kwa pindo la leso. Mfuko wake ameukumbatia mapajani zipu ikimwangalia yeye. Ukiona watu wanatumia kitu tofauti na kilivyokusudiwa, hapo ndipo kuna kazi yako. M-Pesa ilizaliwa namna hiyo, ilipokuwa inajaribiwa 2005 nia ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu, lakini wale wa majaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na waliokuwa wanaitengeneza wakakubali kusikiliza, ndio Machi 2007 ikatoka kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Kwa hivyo mfuko wako wa kwanza nauona una mfuko mdogo wa ndani ulio upande wa mwili, mahali mkono wa mwizi haufiki. Huo hukuutoa Gikomba.

Na ukipata nafasi nenda soko la Kariokor ukae na wale wanaosuka viondo. Kiondo kinaanzia chini, katikati ya kitako, kinazunguka kikipanda, kwa hivyo hakina mshono wa pembeni wa kufumuka ukibeba viazi, na kuna wamama vijijini wanakibeba na kamba kichwani mikono ikiwa huru. Wewe una vipande vidogo vya vitambaa vya yunifomu, bluu, kijani, maruni. Sijui kama umeona, rangi hizo ni shule za mtaa wenu zote. Kuna mtu atanunua mfuko kwa sababu ana maruni ya shule aliyosoma, na hakuna mtumba wa Ulaya utakaompa hiyo. Usifiche kwamba ni vipande vya yunifomu, weka hata ile mifuko ya shati ilivyo.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 11, kila siku ni waya na vizibo vya soda na patipati zilizokatika, anatengeneza magari. Mama yake anasema anapoteza wakati wa vitabu. Unaonaje?
Baba, Kasarani

JIBU: Baba, muachie waya. Vitabu vipewe saa zake na waya upewe saa zake, hilo mkubaliane nyote watatu. Msanii Cyrus Kabiru alipokuwa mtoto hapa Nairobi alitaka miwani, baba yake hakutaka kusikia habari ya miwani, akamwambia akitaka ajitengenezee. Akajitengenezea, na taka, na hajaacha mpaka leo, ile miwani yake ya waya na vyuma chakavu imeonyeshwa nje ya nchi kwenye makumbusho makubwa. Sisemi mwanao atakuwa Kabiru. Nasema mtoto anayekata patipati akapata gurudumu la mviringo linalozunguka bila kuyumba ameshafanya hesabu ambayo mwalimu wake atamfundisha miaka miwili ijayo.

Mnunulie koleo ndogo nzuri, kukata waya na meno kunaharibu meno. Na lile gari analotengeneza sasa likiisha nitumie picha, nataka kuona usukani ameufungaje mpaka magurudumu ya mbele yanakata kona.